Kalibu Mbili kwenye Meza ya Baba Mkwe

Baba mkwe wangu alinitumia vyuma viwili ndani ya kikapu cha maharagwe. Aliyevileta ni mama mmoja mchuuzi anayeteremka kutoka kijijini kwao, Katana, kila siku ya soko. Alikitua kikapu mlangoni pa karakana yangu, pale mjini, Nyawera, katikati ya wapagazi na madereva wa pikipiki, akatoa ujumbe aliopewa kwa sauti ambayo hata nyumba ya tatu waliisikia: "Papa anasema mukwe aangalie ipi iko bora. Asiharakishe." Nilipopitisha mkono chini ya maharagwe nilikuta vyuma vyenyewe vimeviringishwa katika kitenge kikuukuu, na pamoja navyo maganda sita matupu ya risasi. Nilifunga mlango saa nne ya asubuhi, jambo ambalo silifanyi hata nikiwa na msiba.

Niseme tangu mwanzo kwamba mimi ni mwoga. Kinachonitisha zaidi ni maelezo: kumweleza jambo mtu ambaye hana nia ya kusikia. Na katika mji wetu, anayekutwa na maganda ya risasi huwa na maelezo marefu, na wanaomuuliza huwa na haraka. Nilikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, maganda sita mapajani, nikimlaani mzee yule kimoyomoyo, kwa heshima zote.

Mzee mwenyewe hakuwa mtu wa vita. Ujanani alikuwa mwindaji wa mzungu mmoja mwenye shamba la kahawa huko juu ya Katana, na mzungu alipoondoka alimwachia bunduki ya kuwindia pamoja na karatasi zake. Tangu hapo mzee alizifanya karatasi zile upya kila serikali ilipobadilika, hata zikawa na mihuri mingi kuliko barua ya askofu. Aliitumia bunduki kwa kazi moja tu: nguruwe pori walioshuka alfajiri kulima viazi vyake bila kuombwa. Shida ni kwamba risasi za bunduki ya zamani namna ile hazipatikani tena. Kwa hiyo mzee alitunza maganda yake kama mama anavyotunza chupa, akayajaza tena mwenyewe kwa baruti na fataki za kuiwashia alizokuwa amezihifadhi katika mikebe.

Hapo ndipo zinapoingia zile kalibu. Risasi ikilia, ganda lake la shaba huvimba, sawa na tumbo baada ya wali wa Noeli. Haliingii tena bundukini bila kubanwa. Kalibu ni kipande kinene cha chuma chenye tundu lililochongwa kwa umbo la ganda: unalisukuma ganda ndani, unalitoa, nalo linarudi katika kipimo chake. Neno lote ni hilo. Lakini kalibu ikiwa mbaya, ganda hutoka likiwa na sura nzuri na ugonjwa ndani, na anayekuja kuugundua ugonjwa huo ni yule aliyeweka shavu lake kwenye bunduki.

Kazi yangu ni kukereza vyuma. Nina mashine moja, tunaiita tour, na nakereza bushi za pikipiki, ekseli za mashine za kusaga muhogo, na vitu vingine ambavyo vikiharibika mtu hurudi kukutukana akiwa mzima. Sikuwahi kutengeneza wala kupima kitu ambacho kikiharibika mtu harudi.

Ya kwanza kati ya zile kalibu ilikuwa ya zamani, ya mzungu yule, nyeusi, yenye doa la kutu shingoni. Ya pili ilikuwa mpya, na iling'aa mpaka nikauona uso wangu ndani yake, jambo ambalo halikunifurahisha. Nilijua ilikotoka. Ilikuwa zawadi ya mwanyumba wangu, yaani mume wa dada mkubwa wa mke wangu, mfanyabiashara anayekwenda ng'ambo na kurudi na vitu vya kung'aa. Haikuwa na jina la kiwanda popote. Fundi aliyeridhika na kazi yake huweka alama yake. Asiyeweka ana sababu zake.

Nilizipima kwa siku nne, mlango umefungwa, nikikatiza kila gari liliposimama nje. Niliingiza pamba iliyochovywa mafuta katika tundu la ile ya zamani: ikatoka safi, laini, maana ndani ilikuwa imesuguliwa kama kioo, na kutu ilikuwa ya nje tu. Ile mpya ilininyofolea nyuzi za pamba. Uso wake wa nje ulisuguliwa kwa ajili ya macho, na ndani ukaachwa na makovu ya kisu cha mashine. Nikapitisha ganda katika ile ya zamani, nikalibingirisha juu ya kipande cha kioo cha dirisha: likaenda sawa. Lile lililotoka katika mpya lilicheza kama mlevi. Tundu lilikuwa limechongwa upande.

Lakini baya zaidi lilikuwa bega. Ganda la risasi lina tumbo, bega na shingo, na bega ndilo linalolizuia lisisogee ndani ya bunduki. Kalibu mpya ilikuwa imechongwa fupi mno, ikalirudisha bega nyuma kupita kiasi. Ganda la namna hiyo huingia bundukini kwa urahisi mkubwa, tena mtu hufurahi. Kisha risasi ikilia linavutika kujaza ile nafasi, na linavutika palepale kila mara, karibu na kitako, mpaka linakatika na moto wote unatafuta njia ya kurudi nyuma. Nilikunja ncha ya waya mwembamba, nikaipitisha ndani ya maganda yale sita. Katika manne niliuhisi mfereji mdogo karibu na kitako. Mzee alikuwa amekwisha kuanza kuitumia ile mpya.

Kuna jambo jingine nililigundua, na hili nililiweka kando kwa sababu sikupenda kulijua. Hata maganda mawili yaliyobaki, yale ambayo kwa kukosa makovu yalionyesha kuwa yamepita katika kalibu nzuri tu, yalinifikia yakiwa yamevimba kupita kawaida. Hilo halikutoka kwenye kalibu yoyote. Chumba cha risasi cha bunduki yenyewe kilikuwa kimelika kwa uzee.

Jibu basi nilikuwa nalo. Lilikuwa fupi, na mtoto angeweza kulisema.

Mzee aliagiza nivirudishe vyuma Jumapili ya komunyo ya kwanza ya mjukuu wake. Niliyazika maganda katika mfuko wa unga wa muhogo, kalibu nikaziweka katika mkoba pamoja na tupa na spana zangu, nikapanda pikipiki mapema. Kwenye barieri, kile kizuizi cha barabarani, askari mmoja aliufungua mkoba akaitoa ile inayong'aa, kwa sababu inayong'aa ndiyo hutolewa kwanza.

"Hii ni ya nini?"

"Ni ya mashini ya kusaga, chef," nilijibu. "Ya mulango wa unga."

Aliirudisha. Nilibaki nikishangaa jinsi uongo ulivyonitoka bila hata kukohoa, mimi ninayetetemeka nikiulizwa ukweli.

Lazima nieleze nyumba ile. Nyumbani kwa mke wangu walishika desturi kuliko majirani wao. Mama mkwe hakukaa nami chumba kimoja. Alinisalimu akiwa upande wa pili wa mlango, nami nilimjibu nikitazama sakafu. Baba mkwe hakupingwa. Mkwe hukubali kiti anachopewa, hukubali kasiksi anayomiminiwa hata kama ndizi zake zilichacha kupita kiasi, na akiulizwa shauri husema, "Papa, sawa vile unaona." Mkwe mdogo hukubali mara mbili: mara moja kwa mzee na mara ya pili kwa mkwe mkubwa. Nami ndiye niliyekuwa mdogo, mwenye kucha nyeusi za mafuta, kati ya wanaume waliovaa makoti.

Baada ya chakula mzee aliagiza meza ifutwe. Alitandika kitambaa cheupe, akaziweka kalibu mbili kando kwa kando, taratibu, kama padri anayepanga vyombo vya altare. Wajomba, majirani na mwanyumba wangu walisogeza viti. Mwanyumba alikuwa ameketi kuumeni kwa mzee, tumbo mbele, akitabasamu kwa adabu.

"Sasa," mzee alisema, "tuko na fundi mu nyumba. Mukwe wangu, ulipima?"

"Nilipima, papa."

"Hii ya mwenzako, ya mupya, iko je?"

Naikumbuka meza ile vizuri kuliko siku ya ndoa yangu. Nilijua kwamba nikisema ni mbaya, zawadi ya mkwe mkubwa inakuwa takataka mbele ya ukoo mzima, na mzee aliyekwisha kuisifu anakuwa mjinga siku ya sherehe yake. Nilijua pia kwamba nikisema ni nzuri, kuna asubuhi moja ataweka shavu lake kwenye bunduki. Nilivipima viwili hivyo, mimi mpimaji, na aibu ikawa nzito zaidi kwa sababu ilikuwa imekaa karibu.

"Iko muzuri, papa," nilisema.

"Kupita ile ya zamani?"

"Ile ya zamani iko na kutu," nilijibu. Hilo halikuwa hata uongo.

Wakapiga makofi. Mwanyumba alinimiminia kasiksi kwa mkono wake, nikainywa yote.

Tangu siku ile sikulala vizuri, na mchana haukuwa nafuu. Simu ikilia karakanani nilizima mashine kwanza. Tulikuwa tukiishi Nyalukemba, katika vyumba viwili vilivyotazama ziwa, na kila mke wangu alipoitwa na mmoja wa ndugu zake nilimtazama uso kwanza nijue kama ni habari za watu au za kifo. Kazini niliharibu bushi tatu mfululizo. Mteja mmoja aliniuliza kama naumwa malaria, nikasema ndiyo, maana malaria ina dawa.

Nilijaribu kumpigia mzee simu. Mara tatu nilijaribu. Mara ya kwanza nilimuuliza habari za ng'ombe. Ya pili tulizungumza juu ya mvua. Ya tatu nilifikia mpaka kusema, "Papa, ile matrisi...", ndivyo tunavyoiita kalibu, naye akadakia kwa furaha, "Iko inatumika! Risasi inaingia muzuri sana, haigome hata kidogo." Nikamwambia asante. Nilimwambia asante mtu aliyekuwa akinieleza jinsi atakavyokufa. Nilipokata simu nilikuwa nimesimama, na sikukumbuka nimesimama saa ngapi.

Mke wangu ndiye aliyeniuliza. Alikuwa akichambua sombe, majani ya muhogo, hakuinua kichwa.

"Uko na mwanamuke mwingine?"

"Hapana."

"Basi sema iko nini. Wiki mbili hukule."

Nikamwambia yote: pamba, kioo, bega, waya. Alisikiliza mpaka mwisho, mikono ikiwa imetulia juu ya majani. Nilitarajia alie. Kilichokuja ni hasira ya chinichini iliyonitisha zaidi.

"Ulikuwa unajua," alisema.

"Ningesema je mbele ya batu bote wale? Ni papa yako. Ni heshima."

"Papa yangu iko na macho mbili na mikono mbili. Heshima yako utaiweka wapi, mu nafasi ya jicho ao mu nafasi ya mukono?" Akalisukuma beseni. "Leo njo unaenda. Ukienda kesho, usirudie hapa."

Wazee husema mficha uchi hazai. Mimi nilikuwa nimeuficha wangu mbele ya ukoo mzima, nikapigiwa makofi. Nilipanda pikipiki mchana uleule. Njia nzima nilijifunza sentensi moja: Papa, kalibu ile ni mbaya, acha kuitumia. Niliisema kwa sauti nikiwa nyuma ya dereva, mara nyingi, mpaka akageuka kuuliza kama nilikuwa namwambia yeye.

Uani palikuwa kimya. Mama mkwe alikuwa amesimama mlangoni kwake, waziwazi, na aliponiona hakujificha. Alinitazama usoni kwa mara ya kwanza tangu nimwoe binti yake. Nilijua hapo hapo kwamba nimechelewa.

Ilikuwa imetokea asubuhi ile. Ganda lilikatika karibu na kitako, kama waya ulivyoniambia, na moto ukarudi nyuma pamoja na vipande vya shaba. Walimpeleka hospitali ya misheni, wakamsafisha, na kwa kuwa hakukubali kulazwa wakamrudisha. Walikuwa wakijiandaa kutupigia simu jioni, ili mke wangu asianze safari kwa mshtuko.

Mzee alikuwa ameketi katika kiti chake, pamba nene juu ya jicho la kulia, shavu limejaa vidoa vyeusi kama aliyerushiwa pilipili. Bunduki ililala mezani. Nilipiga magoti kumsalimu na sikuweza kuinuka. Nililia, sitaficha, nililia kama mtu aliyepigwa. Alingoja nimalize.

"Ulijua?" aliuliza.

"Nilijua, papa."

"Tangu lini?"

"Tangu kabla ya komunyo."

Alitikisa kichwa polepole, kwa sababu kukitikisa kulimuuma. "Mie iko na bakwe watano," alisema. "Bakwe siko nawakosa. Fundi njo nilikuwa nakosa. Nilikuuliza sababu uko fundi, ukanijibu sababu uko mukwe."

Nje kuku alikuwa akiparura karibu na mlango, na nilimtazama kuku kwa sababu nilihitaji kitu cha kutazama.

Kisha mzee alipapasa kando ya kiti, akaitoa ile kalibu ya zamani, nyeusi, yenye doa la kutu, akaiweka mezani kando ya bunduki. Nilielewa anachotaka kabla hajafungua kinywa: jicho la kushoto lilikuwa zima, na viazi vilikuwa bado shambani.

"Sasa, fundi," alisema. "Na hii?"

Kusema ndiyo kungekuwa rahisi. Kalibu ile ilikuwa nzuri kweli, ningeweza kuapa. Lakini nilikumbuka yale maganda mawili yaliyovimba. Na bunduki ile ndiyo kitu pekee alichokuwa nacho kutoka ujana wake, kilichomfanya aitwe mwindaji katika kijiji ambacho wazee wengine huitwa wazee tu. Nilikuwa naogopa kuliko siku ya komunyo. Mama mkwe alikuwa bado mlangoni, akinitazama.

"Matrisi iko muzuri, papa," nilisema. "Bunduki njo haiko muzuri. Pa kuingiza risasi imekwisha kulika. Hata ganda likitoka muzuri, siku moja litakatika. Hapana. Usiipige tena."

Aliweka kiganja juu ya kitako cha bunduki, pale mbao iliposuguliwa na shavu lake miaka yote ile, akakiacha hapo muda mrefu. Nilingoja anifukuze. Nilikuwa tayari kufukuzwa. Mwishowe aliisukuma bunduki upande wangu wa meza, akanigeuzia lile jicho moja lililobaki wazi.

"Ona," alisema, "umeniambia hapana, na sikufa."